Sura ya Saba: Pigo Lililokuwa Njiani

Mahabusu wa chumba namba mbili alikuwa hataki kutoka, na jambo hilo lilikuwa limeanza kuwachosha watu wote kituoni.

Mlango wenyewe ulikuwa wazi. Kitasa kililegea siku ya tetemeko, na fundi wa makufuli alikuwa na foleni ya mji mzima. Mtu aliyekuwa ndani, fundi baruti wa machimbo ya mawe, angeweza kuondoka saa yoyote na pengine askari wa zamu angemshikia mlango. Lakini alikaa kwenye benchi, mikono magotini, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari wa meno. Alijileta mwenyewe siku ile ile, vumbi la kokoto likiwa bado kwenye nyusi, akasema: "Nifungieni. Mnara wa saa nimeuangusha mimi."

Mpelelezi alivuta kiti akaketi mbele yake. Kazini walimwita Sindano, na jina hilo alilipata kihalali. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, na akishakuchoma swali moja hutulii mpaka umempa jibu.

"Saa tisa alasiri unapelekwa kwa hakimu," alisema. "Utamwambia nini?"

"Nitamwambia nimekosa."

"Ukishasema hivyo, mimi sina la kufanya tena. Utafungwa. Unanielewa, kaka yangu?"

"Nakuelewa, afande. Ndiyo maana nimetulia."

"Haya, nisimulie tena."

"Nimeshasimulia mara tatu."

"Mimi mzito wa kuelewa. Nisaidie."

Fundi baruti alishusha pumzi. "King'ora kililia. Watu wakajificha. Nikahesabu, nikabonyeza. Kabla sijainua kidole, ardhi ikanipiga."

"Ikakuyumbisha?"

"Haikuniyumbisha. Ilinipiga. Pigo moja zito, kutoka chini kuja juu, halafu basi. Mimi ndiye mpiga ngoma kubwa wa bendi ya machimbo, najua ninachokisema. Du! Nikageuka kutazama sokoni, mnara wa saa haupo."

"Nionyeshe kidole kilivyokuwa."

Alikandamiza kidole cha shahada kwenye ubao wa benchi. Sindano alikitazama kidole kile kwa muda, kama anataka kukinunua.

"Kilikuwa bado kiko chini?"

"Kiko chini kabisa. Hata kubonyeza kwenyewe sikuwa nimemaliza vizuri."

"Lakini miaka yote umelipua mawe pale pale, na mnara ulikuwa umesimama."

"Ardhi ilikuwa inanivumilia. Siku ile ikachoka."

Mkuu wa kituo alikuwa ameegemea mlangoni na kikombe cha chai. Alikuwa mtu mnene, mwenye roho nzuri na haraka ya kufunga majalada. "Sindano," alisema, "mimi tangu nianze kazi nabembeleza watu wakiri. Wewe ndiye wa kwanza ninayemwona akimbembeleza mtu akane."

"Nataka kujua tetemeko lilianzia wapi, Mkuu."

"Lilianzia machimboni. Nyumba ikiungua unatazama palipoungua zaidi, ndipo moto ulipoanzia. Sokoni, hatua chache kutoka machimboni, mnara chini, paa chini, ukuta wa shule umekaa upande. Kule stesheni ya treni, mwisho wa bonde, vimevunjika vikombe tu. Namshukuru Mungu hakufa mtu. Lakini palipoumia zaidi ndipo palipoanzia."

Maneno hayo yaliingia akilini vizuri, na mji mzima ulikuwa ukiyasema hivyo hivyo. Sindano hakuyapinga. Alimgeukia fundi baruti.

"Una mtu wako kule stesheni?"

"Mama mkwe anakaa kule."

"Alisemaje?"

Kwa mara ya kwanza fundi baruti alitabasamu, ingawa kidogo. "Mama mkwe anasema lilikuwa tetemeko la kistaarabu. Alikuwa kitini, likaanza kumbembeleza. Akasema hili litaisha sasa hivi, akanywa chai, halikuisha. Akamaliza kikombe, bado linambembeleza."

"Kwako pigo moja, kwake kikombe kizima cha chai?"

"Wazee huongeza chumvi, afande."

"Tetemeko ni lile lile?"

"Ni lile lile."

Sindano aliinuka. Mlangoni alikutana na mke wa fundi baruti, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili, ambaye ndiye kiongozi wa bendi ya machimbo. Alikuwa amebeba sufuria la chakula na hasira za siku kadhaa.

"Afande, huyu mume wangu amekula kiapo!" alisema. "Havuki geti la kituo mpaka ahukumiwe. Jana nimekuja na bendi nzima tumsalimie, tukasimama hapo nje, kakataa hata kutoka tumwone. Ngoma kubwa ameniambia niigawe. Niigawe! Kama suruali iliyombana!"

"Subiri kwanza usiigawe, dada," Sindano alimwambia. "Nipe mpaka mchana."

*

Ofisi ya mtaalamu wa matetemeko ilikuwa ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa mbovu tangu kabla ya tetemeko, kwa hiyo haikuwa na kisingizio. Mtaalamu mwenyewe alikuwa mdogo wa mumewe Sindano. Mashine yake kubwa ya kupima mitetemo ililala ubavu chini ya dirisha, waya nje.

"Shemeji," Sindano alisema akihema, "yaani mashine ya kupima tetemeko imeangushwa na tetemeko?"

"Usinianze."

"Nauliza tu. Ni kama mlinzi aliyeibiwa viatu."

"Shemeji, umepanda ngazi zote hizo kunicheka, au una kazi?"

Alikuwa na kazi, na alimweleza. Shemeji alisukuma vikombe pembeni, akatandaza karatasi mbili mezani. Kila moja ilikuwa na mstari mweusi uliotoka kushoto kwenda kulia, umetulia, halafu ukapandwa na wazimu, halafu ukatulia tena.

"Ya hapa imekufa," alisema, "lakini tetemeko kubwa linasikika dunia nzima. Hii imetoka kituo cha kupimia kilichoko kusini, ng'ambo ya bahari. Ukichora mstari kutoka stesheni yetu, upite machimboni, uendelee tu bila kusimama, utakifikia. Na hii imetoka kaskazini, upande wa pili kabisa. Hiki ukitoka machimboni, unapita stesheni, unakwenda mpaka uchoke."

Sindano aliinama. Mstari wa kusini ulipanda ghafla, mrefu, mwembamba kama mwiba, ukashuka. Wa kaskazini ulikuwa mfupi kwa kimo lakini umetanda, unapanda polepole na kushuka polepole.

"Hii ya kusini ni fundi baruti," alisema taratibu. "Na hii ya kaskazini ni mama mkwe."

"Nani?"

"Endelea, shemeji. Nieleze kama unavyomweleza mtu mzito."

Shemeji alichukua koti lake kwenye kiti, akalishika zipu. "Chini ya bonde letu kuna ufa. Ncha moja iko machimboni, nyingine stesheni. Watu wanadhani ufa hupasuka wote kwa mara moja. Hapana. Unaanza mahali, halafu unafunguka jino kwa jino, hivi." Alivuta zipu. "Kila jino likifunguka linatoa mtikisiko wake. Ukiwa umesimama kule zipu inakoelekea, kila jino linafungukia karibu nawe kuliko lililotangulia. Mtikisiko wake una safari fupi, unaukaribia ule uliotangulia. Inakufikia imebanana: pigo moja fupi, kali. Ukiwa kule zipu ilikotoka, kila jino linafungukia mbali zaidi, mitikisiko inaachana. Inakufikia dhaifu na ndefu."

"Kwa hiyo walioumizwa zaidi ni wale iliokuwa ikiwaendea."

"Mara nyingi ndivyo."

"Na mji mzima unadhani ni wale wa kule ilikoanzia." Alianza kugongagonga meza kwa vidole kwa furaha. "Huwezi kuniambia tu moja kwa moja lilianzia wapi, na saa ngapi?"

"Kwa umbali huo nikikisia mahali, ninaweza kukosea kwa urefu wa ufa mzima. Na saa ya machimboni?"

"Wanaifuata ya mnara, na ya mnara ilisimama tangu harusi yangu."

"Basi tuna hizi mbili tu. Na tafadhali acha kugonga meza, shemeji, hata meza inakuonea huruma. Huna mdundo kabisa."

Sindano aliacha kugonga, lakini hakufurahi moja kwa moja. Aliishika ile karatasi ya kusini kwa ncha za vidole.

"Huyu shahidi simwamini bado. Kuna watu ndivyo walivyo. Ukimwuliza habari za baiskeli iliyoteleza, anakupa ajali ya treni. Je, kama kituo cha kusini kina kawaida ya kupayuka? Kama kimejengwa kwenye udongo laini, au mashine yake ina pupa?"

Shemeji alimtazama kwa heshima aliyokuwa akiificha siku zote. "Swali hilo wanafunzi wangu hawaniulizi."

"Wanafunzi wako hawajakaa na watuhumiwa. Nipe tukio dogo, la pale pale, ambalo mashahidi wote wawili waliliona. Dogo kiasi kwamba zipu haikuwa na pa kwenda."

Shemeji alifikiri, kisha akapiga paji la uso. "Lile lililotuamsha kesho yake alfajiri! Lilikuwa dogo, jino moja tu, na lilitoka kwenye ufa huo huo."

Mashine ya kuchapa ilinguruma, ikatoa karatasi mbili nyingine. Waliziweka juu ya kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine, jua likipita nyuma yake. Mistari ililaliana. Kusini mwiba mdogo, kaskazini mwiba mdogo, kimo kile kile, upana ule ule.

"Hapayuki," alisema Shemeji.

"Hapayuki! Na huyu wa kaskazini hanong'oni!" Sindano alimkumbatia akamwangushia miwani. "Kwenye jambo dogo wanasema kitu kimoja. Kwenye kubwa wanatofautiana kwa sababu kila mmoja alisimama mahali pake. Lilianza stesheni, shemeji. Lilianza stesheni likaja mjini!"

"Nimekuwa nikijaribu kusema hivyo tangu uingie."

"Vaa koti lako. Unakwenda kumwambia Mkuu."

*

Mkuu wa kituo alisikiliza mpaka mwisho, akafungua na kufunga zipu ya koti la Shemeji kwa mikono yake mwenyewe, halafu akatoa pingamizi, na lilikuwa pingamizi zuri.

"Sawa, lilianza stesheni. Lakini nani alilichokoza? Pengine baruti yake ililipuka hapa, mtikisiko ukasafiri mpaka stesheni, ukauamsha ufa kule, ndipo ukaja."

Shemeji alifungua mdomo. Sindano alimwahi.

"Kwenda na kurudi, Mkuu. Mtikisiko uende mpaka mwisho wa bonde, ufa uamke, upasuke njia nzima mpaka hapa. Kuna muda hapo. Ungemkuta ameshainua kidole, ameshajifuta jasho, ameshauliza chakula cha mchana ni nini. Lakini kidole chake kilikuwa bado kwenye kitufe." Alimgeukia fundi baruti, aliyekuwa akisikiliza kutoka kwenye benchi lake. "Ulichokisema wewe mwenyewe ndicho kinachokutoa. Ulipobonyeza, lile pigo lilikuwa tayari liko njiani."

Fundi baruti alizitazama karatasi, akazigeuza, akazirudisha.

"Afande, nakushukuru," alisema. "Wewe ni mtu mwema, na huyu ndugu amesoma. Lakini hii ni mistari. Mimi nilisikia kwa masikio yangu. Nilibonyeza, ikapiga. Nikitoka hapa nitapita sokoni kila siku, nitaangalia pale ulipokuwa mnara, na nitajua. Mistari haitanisaidia."

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nane. Shemeji alianza tena habari za zipu na Sindano akamkanyaga mguu.

"Masikio," alisema. "Wewe unaamini masikio yako?"

"Ndiyo kazi yangu. Baruti na ngoma, zote ni masikio."

Sindano alikwenda dirishani, akalifungua na kuita kwa nguvu. "Dada! Bendi yako iko wapi?"

"Iko kwenye lori, inanuna!" alijibu mke wa fundi baruti kutoka nje ya geti.

"Mna ngoma ngapi?"

"Sita, pamoja na ile kubwa ambayo haina mwenyewe!"

"Basi si ya kugawa. Tunaihitaji."

*

Barabara ya kituoni ilikuwa imenyooka kama imepigwa rula, kutoka geti la polisi mpaka kwenye ghala la saruji. Mkuu alisema jambo hili ni la kijinga, kisha akaenda mwenyewe kusimamisha magari, na ikaonekana kwamba alikuwa akilingoja kwa miaka mingi. Wapiga ngoma waliachana, kila mmoja akipungua machoni mpaka akawa mdogo kama kopo: wa kwanza langoni mwa ghala, wengine wakifuatana kwa nafasi sawa, na ngoma kubwa mwisho, nje ya geti la polisi. Kwa kuwa mwenyewe alikuwa amekula kiapo, kirungu chake alikishika Sindano. Watu wa mtaa walitokeza madirishani na maswali. Mke wa fundi baruti alipanda juu ya kichwa cha lori katikati ya barabara, kitambaa cheupe cha meza mkononi.

"Msisikilizane!" aliwapigia kelele kushoto na kulia. "Mkisikilizana mmeniharibia! Tazameni kitambaa tu! Mwendo wa gwaride! Kila mtu na namba yake!"

Fundi baruti aliletwa mpaka ndani ya geti. Hakuvuka. Sindano alimwomba ageuze mgongo na afumbe macho.

"Machimboni," alimwambia, "ukikaa mbali na mlipuko, unaona moshi kwanza au unasikia mshindo kwanza?"

"Moshi. Mshindo unachelewa njiani."

"Vizuri. Kumbuka hilo. Mkeo ataanza kupunga. Mwendo ni ule ule mara zote mbili, nakuapia. Wewe niambie tu unasikia nini."

Kitambaa kilishuka. Mara ya kwanza walianza hapa, getini, kwenda ghalani. Sindano alipiga ngoma kubwa, akawaachia wengine. Du. Kimya. Du. Kimya, watu wakatazamana. Du. Ya ghalani ilifika kwa kujikongoja baada ya wote kudhani imekwisha.

"Polepole," alisema fundi baruti, macho yamefumbwa. "Kama mtu anakwenda zake. Mama mkwe angemaliza chai."

"Sasa geuzeni!" Sindano aliita. "Kutoka ghalani kuja huku!"

Kitambaa kilipunga tena, mwendo ule ule wa gwaride. Juu ya lori mkono wa mwanamke ulishuka, ukashuka, ukashuka, na getini hapakusikika kitu. Kisha zikaja zote kwa pamoja, zimekanyagana visigino, *drrrum*, mshindo mmoja uliowafanya watoto kuruka na Mkuu kushika kofia.

Fundi baruti alifumbua macho.

"Mmebadili mwendo."

"Hatujabadili."

"Afande, mimi mpiga ngoma. Huo si mwendo wa kwanza."

"Geuka. Safari hii tazama kitambaa cha mkeo na usikilize."

Aligeuka. Walirudia. Aliona mkono wa mkewe ukishuka bila haraka, kwa mwendo aliouzoea tangu siku alipoingia bendi akamkuta yeye ndiye kiongozi. Aliona vijana wa mbali wakipiga mmoja mmoja, kimya kimya, na hakuna kilichomfikia. Midomo yake ilihesabu. Kisha mshindo ukamfikia wote, kifuani.

Alibaki amesimama. "Wa ghalani alikuwa ameshapiga," alisema taratibu. "Alipiga kitambo. Mimi nilikuwa bado sijasikia kitu."

"Ndiyo."

"Ningekuwa na kitufe mkononi hapo katikati, nikabonyeza..."

"Ungesema ni wewe."

Fundi baruti alianza kucheka, na machozi yalimtoka humo humo ndani ya kicheko, akayafuta kwa kiganja kilichokuwa na kovu la baruti. "Halikuwa langu," alisema. "Mama yangu, halikuwa langu!" Mkuu wa kituo, aliyekuwa ameahidi kutosema kitu, alimpiga bega kwa nguvu, akadai warudie, maana yeye alitaka kwenda kusikiliza kutoka ghalani. Alikimbia kweli, tumbo mbele, na mtaa ukamshangilia.

"Mara ya mwisho!" mke wa fundi baruti aliita kutoka juu ya lori. "Kutoka ghalani! Mume wangu, umesikia au niongeze ngoma?"

Mume alikuwa amekunja uso, anautazama mkono wa Sindano.

Kitambaa kilipunga. Ngoma zilikuja zimeshikana, moja baada ya nyingine, na Sindano aliinua kirungu kwa moyo wote, akasubiri, akasita, akapiga. *Drrrr*... du. Ya mwisho ilianguka peke yake, nje kabisa ya wenzake, kama sahani jikoni.

"Aa, hapana!" alisema fundi baruti.

"Nimefanya nini?"

"Umechelewa. Umechelewa mara zote. Nimekuvumilia kwa sababu ulikuwa unanitetea." Alivuka geti kwa hatua mbili, bila hata kulitazama, akamnyang'anya kirungu mkononi. "Lete hapa. Unaiua."

Akajifunga mkanda wa ngoma kubwa begani, akaurekebisha kwenye tundu lake la siku zote, akainua macho barabarani. Juu ya lori mkewe alikuwa ameshusha kitambaa, amejifunika nacho uso. Alijipangusa, akakiinua tena.

"Namba sita!" aliita, na sauti ilimkatika kidogo. "Upo?"

"Nipo," alisema fundi baruti. "Piga."